Koroboi ya Kibonde cha Saba

Kabla jua halijavuka mabega ya mlima Nyiragongo, Clotilde Mukamurenzi alikuwa tayari njiani na taa mkononi. Ilikuwa koroboi tu, kopo la nyanya lenye utambi na mafuta ya taa, limefungwa kwa waya kwenye ncha ya fito ndefu. Kulikuwa kumekucha, njia ilionekana vizuri, na bado taa ilikuwa inawaka. Jambo hilo liliwachekesha majirani miaka nenda miaka rudi.

"Mama Valérie," jirani yake Emerance alimwita kutoka jikoni kwake, "jua liko pale. Unalitafuta na taa?"

"Ninalisindikiza."

"Basi liambie lipitie kwangu. Kuni zangu ziko na maji."

Emerance alikuwa na fito kama ile nyuma ya mlango wake. Zamu yake ilikuwa Jumanne na Alhamisi, na siku hizo ni yeye aliyechekwa.

Upande huu wa Goma, nyuma ya Lac Vert, ardhi ni lava ya zamani iliyopasuka, na katika nyufa zake hutoka hewa ambayo watu huiita mazuku. Haina rangi, wala huwezi kuinusa. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hushuka na kutuama mabondeni kama maji, hasa usiku na asubuhi kabla upepo haujaamka. Mbuzi akiingia humo hulala. Mtu akimfuata mbuzi hulala naye. Kwa macho huoni kitu ila kibonde kizuri chenye nyasi, na vipepeo chini ambao hawaruki.

Clotilde alifika ukingoni mwa kila kibonde, akashusha fito polepole. Moto ukizimika karibu na ardhi, aliweka jiwe moja jeupe juu ya nguzo ya pale. Ukizimika usawa wa goti, aliweka mawili. Ukizimika usawa wa kiuno, matatu. Waliopita na mbuzi au madumu ya maji walitazama mawe kwanza, kama wengine wanavyotazama mawingu. Vibonde vilikuwa ishirini na vitatu. Kila kimoja kilikuwa na namba yake na ua wa miyenzi, mmea wa utomvu mweupe ambao mbuzi hagusi.

Kazi hiyo ilikuwa ya watu kumi na wanne, na kikundi chao kiliitwa Tuamke Wazima. Hawakuwa na ofisi. Walikuwa na kibanda cha mbao na ubao mmoja mweusi wa shule, na juu ya ubao huo Papa Kamate, mwalimu wa zamani aliyetoka Butembo, aliandika kwa chaki idadi ya miaka iliyopita bila mtu kufa kwa mazuku kwenye kartie yao, mtaa wao. Mwezi wa pili wa mwaka 2023 ubao ulisema kumi. Sherehe ilipangwa kuwa Jumapili ya tatu ya mwezi ule, na mgeni angetoka mjini kuleta sertifika, cheti cha miaka hiyo kumi.

Valérie angekuwa na miaka ishirini na sita.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa Clotilde na Théoneste. Théoneste alikuwa fundi wa kuchonga mawe. Clotilde aliolewa naye akitokea Kibumba, juu kwenye barabara ya Rutshuru, kwenye mashamba ya viazi na kabichi ambako upepo hauna mlango wa kuuzuia. Huko kila mtoto hufundishwa kwamba bondeni ndiko kwenye uhai. Baba yake alikufa mapema, akalelewa na baba yake mdogo, Nsanzimana, mchungaji mrefu aliyependa utani, ambaye kila jioni akifunga ndama alisema maneno yale yale: "Mlimani unalala upepo. Mtu mwenye akili analala bondeni."

Mwaka 2002, mwezi wa kwanza, Nyiragongo ilipasuka na lava ikashuka mpaka katikati ya mji. Théoneste alirudi siku ya nne, akakuta barabara yao iko chini ya mawe yenye joto, na mahali pa nyumba yao palikuwa pakitoa moshi mwembamba kama wa mtu anayevuta kiko. Walihamia huku, upande wa Sake. Mawe yaliyochoma nyumba yao yakawa ndiyo mawe ambayo Théoneste aliyachonga ili wengine wajenge. Walinunua mbuzi wawili.

Jioni zilikuwa na upepo mkali. Clotilde, binti wa Kibumba, alitafuta mahali pa kuwafunga mbuzi wasipigwe na upepo, akapata kibonde kizuri chenye nyasi. Asubuhi moja akamtuma Valérie, wa miaka sita, akawafungue.

Walimkuta amelala na mkono mmoja juu ya shingo ya mbuzi.

Watoto wanne waliofuata hawakumbadilishia jina. Kila aliyemsalimu, kwa miaka ishirini, alimwita Mama Valérie, na yeye aliitika.

Siku ya tatu ya msiba, mwalimu wa Valérie, Papa Kamate, alikuja na koroboi imefungwa kwenye mti wa ufagio. Alikaa na wanaume, akanywa chai, kisha akamwendea Clotilde, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, unionyeshe ile fasi." Walikwenda wawili. Akashusha taa, taa ikazimika. Akaiwasha, akaishusha tena, ikazimika tena. Papa Kamate aliokota jiwe, akaliweka ukingoni. Kikundi kilianzia kwenye jiwe lile.

Mwanzoni walikuwa watatu. Walihesabu vibonde kwa kuuliza kila nyumba ilipoteza mbuzi wapi. Walileta vipande vya miyenzi kutoka Sake wakiwa wamevibeba kichwani, wakavipanda kwenye udongo ambao nao waliubeba kichwani, maana juu ya lava hakuna udongo. Walifundisha watoto wa shule kusoma mawe kabla ya kusoma herufi. Mwaka 2012, waasi walipouchukua mji na watu wakakimbia huku na huku, mama mmoja mgeni alilala kwenye kibonde cha kumi na moja na hakuamka. Baada yake hakuna tena aliyekufa.

Na mwaka 2021, mlima ulipopasuka tena, mji mzima ukaamriwa kuondoka, na maelfu wakaenda Sake kwa miguu na magodoro yao. Ardhi ilitikisika siku nyingi, na hewa ile ilipanda hata mahali ambapo haikuwahi kupanda. Watu walipotaka kurudi, kikundi kilitangulia. Waliingia nyumba hadi nyumba, wakashusha koroboi chini ya vitanda. Katika nyumba tisa taa ilizimika, wakachora msalaba wa chaki mlangoni, na familia tisa zikangoja nje siku tatu mpaka ardhi ilipotulia. Hakuna aliyewashukuru. Waliporuhusiwa, watu waliingia kwao, wakawasha babula, majiko yao ya makaa, wakapika. Clotilde alisimama barabarani akatazama moshi wa jikoni ukitoka kwenye nyumba zile tisa. Siku hiyo alikula vizuri.

Kisha vita vilirudi. Vilianzia Bunagana, vikashuka Rutshuru, vikafika Kibumba, na kutoka upande wa Masisi pia watu walikuja. Kambi ikaota, na kila siku bashi nyeupe za plastiki, maturubai ya wakimbizi, ziliongezeka juu ya mawe. Hata nyumba ya Clotilde ilijaa: ndugu kumi na wanne wa Théoneste walilala sebuleni na jikoni, vichwa upande mmoja, miguu upande mwingine.

Nguzo za vibonde ndizo zilizopotea kwanza. Zilikuwa miti mikavu, na mtu aliyetembea siku mbili na watoto akiona mti mkavu anaona bugali. Mawe meupe yakawa mafiga. Miyenzi ikakatwa kujengea vibanda. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Kikundi kilisimamisha nguzo tena, zikaondoka tena, na Emerance akasema, "Sisi tunapanda, wao wanavuna. Tumekuwa wakulima."

Asubuhi moja, mwanzo wa mwezi wa pili, Clotilde alichelewa kwa sababu ya mvua. Saa nne alifika kwenye kibonde cha saba, akakuta kibanda kimesimama chini kabisa, mahali penye nyasi, na mzee mrefu amekaa mbele yake juu ya kigoda, anasokota kamba.

Mzee aliinua macho, akamtazama, akatazama taa inayowaka mchana.

"Huyu mutu alipoteza nini?" akauliza. Kisha uso wake ukabadilika. "Clotilde? Mutoto wa kaka yangu?"

"Papa mudogo."

Walikumbatiana kwa muda mrefu, kama desturi, mikono ikishika mabega na viwiko. Clotilde alihisi mifupa ya mgongo wake kupitia koti. Baba yake mdogo alikuwa ametoka Kibumba mwezi wa kumi na moja, akakaa kambi ya Kanyaruchinya mpaka hapo nafasi ilipokwisha, akasikia kwamba mtoto wa kaka yake anaishi huku. Alikuwa na Julienne, mke wa mwanawe, na mabinti wawili wa Julienne, mmoja wa miaka minne, mwingine bado yuko mgongoni. Mwanawe mwenyewe, Twizeyimana, alibaki nyuma na ng'ombe wawili, na tangu siku ile hakuna aliyemwona.

"Papa mudogo, sababu ya nini umejenga hapa?"

"Sababu ya upepo. Angalia bale." Alielekeza kidole kwenye vibanda vya juu, ambavyo bashi zao zilipigapiga kama mbawa. "Batu ya Masisi hawajui baridi. Miye nilifika wa mwisho, na fasi nzuri kuliko zote ilikuwa ingali tupu. Nilicheka."

"Ilikuwa tupu sababu inaua."

Akashusha fito kumwonyesha. Lakini jua lilikuwa limepanda na upepo ulikuwa umefagia kibonde, kwa hiyo moto ulifika mpaka kwenye nyasi ukiwa unacheza tu, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Nitarudi asubuhi," Clotilde alisema.

Kesho yake alirudi mapema, akamtoa mzee nje, akamsimamisha ukingoni, akashusha taa. Ilizimika usawa wa goti. Akaiwasha, akampa fito aishushe mwenyewe. Ilizimika. Mzee Nsanzimana alirudia mara nne. Mara ya nne hakuitazama taa tena. Alitazama kibanda, ambamo Julienne alikuwa anamfunga mtoto mgongoni.

"Tulilala hapa siku mbili," akasema.

"Kulikuwa na upepo. Mungu aliwasaidia. Muhame leo."

"Twende fasi gani?" Julienne ndiye aliyeuliza, bila ukali. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. "Juu kumejaa. Kule kwenye mawe, nguzo haiingii. Kwenye kilima, basoda bameweka bunduki zabo kubwa. Na kibanda iko na namba. Banakuya asubuhi kuhesabu vichwa, bila kusema siku gani. Wasipokukuta, jina linatoka kwenye listi, na batoto banakosa bunga."

"Nipe batoto tu, balale kwangu."

"Banahesabu hata batoto, mama."

"Na wewe, papa mudogo?"

"Nilale kwa mukwe wangu?" Mzee alimtazama kana kwamba amesema jambo la aibu. "Théoneste atoke kwenda choo anikute nimelala mlangoni kwake kama mbwa? Hapana. Hiyo nayo inaua."

Clotilde alikwenda kwa kiongozi wa kambi. Alikuwa mtu mwema, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. "Mama," akamwambia, "unipe fasi, nitabahamisha leo leo. Unayo?" Clotilde hakuwa nayo. Alikwenda chini ya kilima cha wanajeshi, akarudishwa kabla hajafungua mdomo. Akarudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi ya mlango huku mikono imelala mapajani.

Théoneste ndiye aliyesema, "Kama huwezi kutoa maji, inua kitanda."

Mawe hayakosekani Goma. Siku mbili wanakikundi walibeba mawe ya lava mpaka kibonde cha saba, Théoneste akayapanga, akajenga ndani ya kibanda kitanda cha mawe kinachofika kiunoni. Emerance alitandika nyasi na majani makavu ya migomba juu yake.

"Muzee," akasema, "tumekujengea kitanda ya mwami. Ukisahau kutuita siku ya kutawazwa, tutakibomoa."

Lakini kibanda kilikuwa kidogo, na kitanda kilitosha watu watatu tu. Julienne, kwa adabu ya kwao, alikwisha kutandika mkeka chini kwa ajili yake na watoto ili mkwe wake apande juu. Mzee aliutazama mkeka ule. Akaukunja, akaurusha kitandani.

"Mupande nyinyi. Miye nitakaa. Nililinda ndama kwa fisi miaka makumi ine, nimekaa kwenye kigoda hiki."

Basi Clotilde akampa koroboi yake mwenyewe. Akamwonyesha: taa iwe chini, kando ya miguu. Ikizimika, maana yake hewa imekuja. Amwamshe Julienne, wapande wote mpaka ukingoni, wangoje upepo.

"Lakini usiiname, papa mudogo. Taa ikizimika, iache pale pale. Hata kama kitu kimeanguka, usiiname."

"Niinamie nini? Mgongo wangu uliacha kuinama tangu wakati wa Zaïre."

Alilinda siku tisa. Mara mbili taa ilizimika, na mara mbili aliwatoa Julienne na watoto, wakangoja juu wamejifunika blanketi moja mpaka upepo ulipokuja. Asubuhi Clotilde alimkuta anamsubiri kutoa ripoti. "Adui alikuya," alisema. "Tulimukimbia kwa heshima." Papa Kamate alimwandika kwenye daftari la kikundi, mwanachama wa kumi na tano, na mzee akaomba asomewe jina lake mara mbili. Usingizi aliulipa mchana, juani, mdomo wazi, binti wa miaka minne akimfukuzia nzi.

Kila jioni ya pili Clotilde alileta mafuta ya taa kwenye chupa ya Fanta. Hiyo ndiyo kazi aliyobakiwa nayo. Hakuweza kuwapa ardhi, hakuweza kuwaondoa wanajeshi wala kusimamisha vita, wala kuzuia mlima usipumue. Aliweza kuleta mafuta.

Ijumaa ya kabla ya sherehe ilikuwa zamu ya mafuta. Lakini Ijumaa ile ilikuwa pia siku ya mazoezi ya nyimbo, na kumenya ndizi, na kuazima viti vya parokia, na kupaka rangi mawe mapya ili mgeni ayaone. Clotilde alicheka siku ile. Emerance aliigiza jinsi mgeni wa mjini atakavyotembea juu ya lava na viatu vya visigino, na wanawake walishikana wasianguke. Alipokumbuka chupa, giza lilikuwa limeshika na barabara ilikuwa na wanajeshi. Akajisemea, mafuta ya juzi yatamfikisha asubuhi.

Yalimfikisha.

Mvua ilinyesha, ikakatika, na Jumamosi ikaamka bila upepo hata kidogo. Moshi wa jikoni ulisimama wima. Clotilde alitembea haraka na chupa mkononi, na kwa mbali alimwona Julienne amekaa ukingoni mwa kibonde cha saba, mtoto mmoja mgongoni, mwingine amelala mapajani. Julienne hakulia. Alikuwa anatazama chini.

"Taa ilizimika," akasema. "Akaniamsha. Nikataka kushuka. Akasema, ngoja kidogo, labda ni mafuta, Clotilde hakukuya jana, nisikutoe na batoto kwenye baridi bure. Akainama aitikise asikie kama iko na mafuta." Alimfunika vizuri aliyelala mapajani. "Nilibeba batoto juu ya mabega. Nilimuruka, mama. Nilimuruka nikatoka."

Kwenye mlango wa kibanda, Clotilde aliona miguu ya baba yake mdogo, imevaa viatu vya mpira.

Alitaka kukimbia chini. Miguu yake ilikwisha kuanza. Kisha ikasimama yenyewe, kwa sababu ya miaka ishirini ya kuwafundisha wengine wasikimbie. Akawasha taa ya akiba, akashusha fito. Ilizimika usawa wa kiuno. Emerance alifika, na Papa Kamate, na Théoneste. Walisimama ukingoni wote. Mtu waliyemtaka alikuwa hatua kumi na tano mbele yao, na hakuna aliyeweza kwenda. Clotilde alishusha taa, ikazimika. Akaiwasha. Akashusha. Watu wa kambi walikusanyika nyuma yao na madumu yao, na mmoja akauliza kwa nini hawaendi kumchukua. Jua lilipanda. Saa mbili na nusu moshi wa jikoni ulianza kuinama kidogo upande wa ziwa. Clotilde akashusha taa, na moto ukafika chini ukiwa hai.

Aliingia wa kwanza. Mzee Nsanzimana alikuwa amelala kifudifudi, na koroboi ilikuwa mkononi. Clotilde aliichukua. Aliitikisa kando ya sikio, kama mzee alivyotaka kufanya, kama kila mtu anavyofanya taa ikimzimikia. Mafuta yalisikika ndani.

Walimzika alasiri. Muuguzi wa kambi aliandika kwenye karatasi kwamba ni moyo, kwa sababu ya umri.

Baada ya maziko Papa Kamate alitembea kando ya Clotilde. Alikuwa mzee naye sasa.

"Mama Valérie. Mgeni amekwisha kuandika sertifika. Karatasi ya muuguzi inasema moyo. Na kambi iko na listi yake, sisi tuko na yetu. Mtu wa kartie hakufa." Alisema bila kumtazama. "Sisemi tudanganye. Nasema hivi ndivyo karatasi zinavyosema."

"Ulimwandika namba kumi na tano, mwalimu. Alikuomba umsomee mara mbili."

Papa Kamate alitoa kitambaa, akafuta miwani yake, na hakuirudisha machoni mpaka walipofika.

Julienne na watoto walilala jikoni kwa Clotilde usiku ule, listi iwe na jina lao au isiwe nalo.

Jumapili mgeni alifika. Hakuvaa visigino, alivaa viatu vya kutembea, na Emerance akaona aibu. Watoto wa shule waliimba. Mmoja alisimama akasoma mawe mbele ya watu wote, jiwe moja, mawili, matatu, bila kukosea. Mgeni alizungumza kuhusu miyenzi, kuhusu vibonde ishirini na vitatu, kuhusu nyumba tisa za mwaka wa lava. Alisema kuna watu mia kadhaa wanaotembea leo kwenye kartie hii ambao hawajui kwamba wangekuwa wamekufa. Ilikuwa kweli yote. Clotilde alisikiliza, na aliona ni kweli.

Zamu yake ilipofika, alisimama. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, lakini hakuifungua.

"Jana asubuhi mwenzetu mmoja alikufa kwenye kibonde cha saba," alisema. "Nilichelewa kumpelekea mafuta. Hatuna miaka kumi."

Akakaa. Bashi za kambi zilisikika zikipigapiga. Papa Kamate aliinuka, akaenda kwenye ubao, akafuta kumi kwa kiganja cha mkono. Hakuandika sifuri. Aliandika Nsanzimana, kwa herufi za shule, kubwa na za mviringo, kisha akasimama na chaki mkononi kana kwamba amesahau somo. Mgeni alikuwa ameshika sertifika ya kumi, imeandikwa kwa wino na kupigwa muhuri, na hakujua aifanye nini. Emerance ndiye aliyemwendea, akaipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Tutaitunza," akasema. "Imewahi kidogo tu."

Watu walikula. Ndizi zilikuwa zimekwisha kupikwa, na njaa haingoji msiba.

Jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa, Clotilde alikwenda kibonde cha saba kukunja bashi ya Julienne. Kabla hajafika alisikia mtoto akicheka. Kibandani kulikuwa na watu. Mwanamke kijana, matope mpaka magotini, alikuwa anafagia, na watoto watatu walikuwa wanatandika magunia kwenye sakafu. Walikuwa wametoka upande wa Masisi asubuhi ile. Juu ya kitanda cha mawe mwanamke alikuwa amepanga masufuria yake, sahani, na mfuko wa maharage, vizuri, mbali na panya.

"Karibu, mama," akasema. "Tumepata fasi. Batu balituambia mwenyewe amehama. Ni nani alijenga hii meza? Ni nzuri sana."

Clotilde alisimama mlangoni. Jua lilikuwa limebaki kidogo, na upepo ulikuwa unapungua.

"Unaitwa nani, mama?"

"Léoncie."

"Mama Léoncie, nisaidie," alisema, na akaanza kushusha masufuria, moja moja, akiyaweka sakafuni mahali ambapo watoto walikuwa wametandika.